Lobi bila kitenzi

Jumapili. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana. Nimerudi kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, na matope hadi magotini. Nimeshinda, na sijisikii vizuri hata kidogo.

Leo ukoo wa mama ulikaa kikao juu yangu. Mama tulimzika wiki tatu zilizopita, na tangu siku hiyo mdogo wangu Trésor hanisemeshi. Anawaambia watu kwamba nilijua mama yuko hospitali, nikakataa kuvuka mto. Tonton, kaka yake mama, alichoka kusikia maneno ya pembeni, akatuita tuseme mbele ya wote.

Nilikwenda na ushahidi wangu kwenye simu. Ni ujumbe wa Trésor wa Jumamosi ile asubuhi: "Mama na lopitalo lobi. Yaka." Mama hospitali lobi. Njoo.

Kwa wasiojua Kilingala: lobi ni jana. Lobi pia ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi, na Trésor, anayeandika kama mtu anayekimbizwa, hakuweka kitenzi. Yeye alimaanisha wamempeleka jana. Mimi, niliwaambia, nilielewa watampeleka kesho. Nikavuka Jumapili, nikakuta wanawake wanalia uani.

Simu ilizunguka mkono kwa mkono. Mama mdogo akasema hata yeye angesoma kesho. Mwingine akasema ni jana, wazi kabisa. Wakaanza kugombana wao kwa wao, na mimi nikawaacha, nikishukuru.

Ndiyo, nikishukuru.

Tonton akafunga: "Bon. Trésor alisema jana, Furaha alisikia kesho. Kila mutu iko na kweli yake. Donc, hakuna mwenye kosa. Mupeane mukono."

Trésor alinipa mkono huku akiangalia pembeni. "Yaya, ulikuwa na simu," akasema. Yaya, yaani dada mkubwa; bado ananiita hivyo.

Kila mtu ana kweli yake! Watu walitikisa vichwa kwa furaha, chai ikaletwa. Mimi maneno hayo nimeyachukia njia nzima ndani ya pirogi, mtumbwi wetu wa kuvukia. Mama alikufa Jumamosi saa tisa alasiri, akiuliza kama nimefika. Hiyo si kweli ya Trésor, wala si yangu. Hata uiangalie kutoka ng'ambo gani ya mto, haigeuki kuwa Jumapili.

Na kuna kweli nyingine, ambayo sikuitoa kikaoni.

Jumamosi ile mwenzangu wa kazi pale uwanja wa ndege wa Bangboka, tunakopima mizigo ya abiria, alikuwa anaolewa. Kikwembe changu, kitenge cha sare ya harusi, kilikuwa kimeshonwa, nywele zimesukwa. Mama naye alikuwa akiugua kila mwezi, na kila mwezi nilivuka kumkuta anachambua pondu, majani ya muhogo, na kucheka. Nilikuwa nimechoka naye. Naandika hivyo hivyo, nilikuwa nimechoka na mama yangu.

Niliposoma lobi, nilisita. Kilingala ni lugha aliyonibembelezea mama mwenyewe, sikuhitaji kufundishwa kwamba neno lile lina pande mbili. Nikatafuta namba ya Trésor. Kidole kilikuwa juu yake.

Sikupiga.

Sikupiga kwa sababu angeweza kujibu "jana", na ningelazimika kuvua kikwembe. Nikachagua kesho, nikaenda kucheza hadi jasho likaniloanisha mgongo. Na leo ukoo mzima umeulaumu Kilingala, mimi nikanywa chai yao.

Najionea kinyaa.

Nimemwandikia Trésor sasa hivi: "Lobi nakoya koyebisa yo solo." Nitakuja kukuambia ukweli. Ameusoma. Hajajibu, na sijui kama atanifungulia mlango.

Safari hii kitenzi nimekiweka. Ni kesho. Haiwezi kusomeka jana, hata ningetaka vipi.