Jembe Nililompelekea Mwalimu wa Kwaya

Baba,

Shikamoo. Huko uliko sijui kama bado mnasalimiana hivyo, lakini mimi siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, hata kwenye karatasi.

Mkeo, Mama Odilia, hajambo. Ng'ombe wako bado wanaingia kwenye maharage ya jirani, na jirani bado anasamehe kwa heshima yako. Kigango chetu hapa Mpui kimenipa kazi yako. Ndiyo, katekista mwanamke, cheka taratibu. Padre asipofika, mimi ndiye ninayeongoza ibada na kuhubiri.

Sasa sikia yaliyonipata Kwaresima hii. Unamkumbuka Mwalimu Ambakisye, yule kijana wa Mbeya anayefundisha sekondari, uliyemkabidhi kwaya. Tulipokwisha kukuzika akaleta kinanda chake na spika kubwa kama kabati. Vijana wamefurahi mno. Shida ni bibi zetu: spika ikianza hawasikiki, basi wamefunga midomo, wanatazama tu. Kamati ikataka kumwambia mbele ya watu baada ya ibada. Nikaona hatari. Ni mtu wa kuona aibu haraka. Angechukua kinanda chake akaimbie mjini Sumbawanga, na vijana wangemfuata. Pasaka ingetukuta hatuna kwaya.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya. Kanisani hukumkosoa mtu hata siku moja. Ulibeba jembe ukaenda shambani kwake, mkafukia nyasi pamoja, na tuta likishasimama ndipo ulipofungua mdomo. Wakati ukinifundisha kazi, nikikuona unakuja na jembe nilianza kuhesabu makosa yangu. Ulisema unataka mtu aone kwanza kwamba umekuja kumsaidia.

Basi nikaenda na jembe langu. Mwalimu, maskini, matuta yetu ya Kifipa hayajui; la kwake lilikaa kama mtu aliyejifunika shuka fupi. Nikamwonyesha namna ya kulaza nyasi na kuzifunika udongo, tukalima, tukakaa kunywa togwa. Nikamwambia nyimbo alizoleta ni nzuri na vijana hawachelewi tena mazoezini. Halafu nikamwambia bibi zetu wameacha kuimba, na mimi ninawataka waimbe.

Akaweka togwa yake chini. Nilijua nimeshaharibu. Kisha akasema kwa upole kwamba pale mbele anaposimama husikia spika tu, hakuna aliyewahi kumwambia, na atapunguza. Nikashukuru, nikashika jembe niondoke.

"Dada Skola, kaa kwanza," akasema. "Na mimi nina neno, nilikosa pa kulisemea. Unahubiri kwa sauti ya marehemu. Hata kikohozi chake unakikohoa. Sisi tunataka kukusikia wewe."

Baba, nilicheka mpaka togwa ikanipalia. Kisha nikalia, palepale juu ya tuta la mwalimu, naye hakujua aangalie wapi. Alisema kweli. Ninanyoosha kidole kama wewe, ninakohoa kabla ya kusema "wapendwa", na kifua changu ni kizima kabisa. Nadhani niliogopa kwamba nikiiacha sauti yako, utakuwa umekufa kweli.

Nilipitia kwa Mama Odilia nikamwuliza kama ameliona hilo. Akasema kila Jumapili hufumba macho ili akusikie. Halafu akanishika mkono, akaniambia, "Mwache mzee apumzike, mwanangu."

Jumapili iliyopita spika ilinong'ona, na bibi zetu waliimba kwa nguvu, wengine wakikitangulia kinanda kwa mstari mzima wa wimbo. Mwalimu alikuwa anatabasamu peke yake. Ungefurahi sana.

Ninakuahidi nitaendelea kubeba jembe kwa kila ninayetaka kumwambia jambo, na atakayekuja kwangu na la kwake nitamwekea togwa. Sauti yangu ni nyembamba, unaijua, na nitatetemeka. Nimekupenda, Baba, na nitakukumbuka katika kila sala.

Pumzika sasa. Pasaka nitahubiri mimi.

Mwanao katika kazi,
Skolastika