Siku Uliyotolewa Kikaoni Bila Kulewa

Kwako Baba Kulwa, mume wangu uliyelala Samuye,

Waliokuzika walikusifu sana. Mchungaji alisema ulikuwa baba mwema, watu wakaitikia amina, na baadhi yao ndio waliokuwa wakikununulia pombe. Mimi nilinyamaza. Mjane akisema ukweli kaburini wanasema amechanganyikiwa. Sasa nakuandikia, na nimekubali barua hii isomwe na yeyote, maana yaliyokupata hayakutokea ndani ya nyumba yetu peke yake.

Nianze na ubaya wako. Uliponioa ulikuwa mchimbaji kule Bugarama, ukishuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, asubuhi na kutoka jioni mweupe kwa vumbi kama mtu aliyemwagiwa unga. Pombe uliianza kama wenzako. Ulisema ni ya kuondoa baridi ya chini ya shimo. Baadaye ikawa ya kuondoa woga, kwa sababu shimo la jirani lilikuwa limefukia watu. Mwisho hukuhitaji tena sababu. Uliuza cherehani yangu nikiwa kliniki na mapacha. Uliuza mtamba aliyeachwa na baba yako. Siku ambayo Kulwa alikuwa na malaria, uliivuta kanga niliyomfunika ukaenda kuibadilisha na gongo, mtoto akabaki anatetemeka juu ya mkeka. Nilipokuuliza ulinipiga mbele ya watoto. Jino hili la mbele lilitoka siku hiyo, na mpaka leo nikicheka naweka kiganja mdomoni.

Halafu halmashauri ikafungua ile nyumba nyuma ya ofisi ya kata. Nyumba ya tiba ya walevi na wavuta bangi, wakaandika hivyo ukutani kwa rangi ya bluu. Haikuwa kitu cha kujivunia: vitanda vya chuma, kabati la dawa, jiko la kuni, na Nesi Pendo, ambaye alikuwa na sauti ya kukwaruza na hakuogopa mtu. Kaka zako walikupeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe wakiwa wamekukalia miguu. Ulimtukana Nesi Pendo matusi ya mama yake. Akakujibu, "Mama yangu alishakufa, hakusikii. Fungua mdomo unywe dawa."

Nakumbuka siku nilipokuja na watoto ukatutambua. Ulikuwa umekaa barazani unamenya viazi. Ulimwita Kulwa kwa jina lake, na Doto kwa jina lake, bila kuwachanganya, ukawauliza wako darasa la ngapi. Doto alijificha nyuma yangu. Ukasema, "Ana haki," ukaendelea kumenya viazi huku machozi yanadondokea kwenye sufuria. Nilikuchukia kidogo kwa kulia, maana mimi nilikuwa nimekwisha kulia miaka yote na hakuna aliyeniona.

Ulirudi nyumbani mtu mwingine. Mikono yako haikuacha kutetemeka. Nesi Pendo alisema mishipa imeshaharibika, itabaki hivyo. Ulimi nao ulibaki mzito. Lakini ulilima. Uliniuliza kila jioni kama nimekula. Kila siku ulikwenda kwenye ile nyumba kuwapikia waliokuja baada yako, ukawashika wakitapika, ukawaambia, "Mimi niliuza kanga ya mtoto mgonjwa. Wewe umeuza nini?" Walikusikiliza. Mwaka ule nilianza tena kulala usingizi wa kweli pembeni yako.

Kisha wakaifunga. Ofisa alikuja na gari, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema fungu la nyumba halimo kwenye bajeti mpya, halmashauri ina vipaumbele. Nesi Pendo akamwuliza wagonjwa waende wapi. Akajibu, "Walikotoka." Magodoro yalitupwa nje siku hiyohiyo na kabati la dawa likapakiwa kwenye gari.

Juma alikuwa ameingia juzi tu. Unamkumbuka, yule mchimbaji wa Buseresere mwenye kovu shingoni. Hakuwa na ndugu huku, ukamleta nyumbani kwetu ukasema hatutamwacha barabarani. Hatukuwa na dawa yoyote. Tulimpa uji na maji ya chumvi na sukari. Alianza kupigana na vitu ambavyo hatukuviona, akang'ang'ania shati lako, akaniita mimi mama yake. Degedege lilipomshika ulimlalia kifuani ili asijigonge. Lilirudi, likarudi tena, na mara ya mwisho halikumwachia. Ulikaa naye hivyo mpaka akapoa. Wanakijiji walisema mlevi mmoja amepungua.

Uliposikia halmashauri inawaita wananchi watoe maoni kuhusu hiyo bajeti, ulisema utakwenda. Nilikupigia pasi shati jeupe. Ulioga mara mbili. Ukumbini tulikaa nyuma. Diwani wetu alisimama akasema fedha za walipa kodi hazitalea walevi. "Gongo si malaria," akasema. "Hakuna mbu anayemng'ata mtu gongo." Ukumbi wote ulicheka, na mwanamke aliyekaa mbele yangu, ambaye mwanawe alipikiwa na wewe kwenye ile nyumba ya tiba, alicheka pia.

Ukanyoosha mkono. Wakakupa kipaza sauti. Mkono wako ukakitingisha mpaka kikagonga meno, na spika zikapiga kelele. "Mheshimiwa," ukaanza, "mimi ni mmoja... mimi nilipona pale..." Ulimi ukakwama. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Mpeni kiti mlevi!"

Mwenyekiti hakuinua hata macho. "Mgambo, mtoeni huyo. Amekuja kikaoni amelewa."

Ukasema, "Ninuseni."

Walidhani unatania. Ukawaacha waliokuwa karibu nawe ukaenda mbele, mdomo wazi, ukimwinamia mmoja baada ya mwingine. "Ninuse, mzee. Shikamoo mama, ninuse. Nuseni, jamani, nuseni." Waliziba pua wakicheka. Diwani alijiegemeza nyuma kwenye kiti kama mtu anayekimbia moto, akajipepea na karatasi, ukumbi ukazidi kucheka. Mgambo walikushika mkanda wa suruali wakakukokota, na shati jeupe likapasuka kwapani. Nilipiga kelele kwamba mume wangu hajalewa. Wakaniambia mke wa mlevi naye ni mlevi.

Nje ulikaa kwenye ukingo wa mtaro.

"Twende nyumbani," nikasema.

"Mama Kulwa, wewe umeninusa?"

"Nimekunusa asubuhi yote. Huna kitu."

"Basi wewe unatosha," ukasema, nami nikadhani yameisha. Kisha ukainuka ukaanza kutembea kuelekea kilabuni. Nilikufuata, nikakushika, ukanitoa mkono taratibu, bila kunipiga. "Waheshimiwa wameshasema nimelewa," ukasema. "Acha nisiwafanye waongo."

Hukurudi tena kuwa yule wa viazi. Msimu wa mvua ulipokwisha walikukuta mtaroni karibu na karasha, pale wanaposaga mawe, uso chini. Mbwa walikuwa wameshafika. Tulipokuosha mguu mmoja haukuwa na vidole, kaka yako akaufunga kwa kitambaa ili watoto wasione. Doto aliona.

Diwani alikuja msibani na mchele, akapigwa picha akimshika mama yako bega. Alisema jamii ipige vita ulevi. Ile nyumba sasa ni ofisi ya wakusanya ushuru. Maandishi ya bluu wameyapaka chokaa, lakini jua likipiga yanasomeka. Ushuru wenyewe wanaukusanya vilabuni. Nawaona asubuhi wakitoka na mashine zao za risiti, wanaume safi, wananisalimia vizuri.

Mpaka hapa nimekueleza unayoyajua. Usilolijua ni kuhusu Doto.

Kulwa ameolewa Geita, yuko salama. Doto anafanya kazi karashani, na anakunywa kuliko ulivyokunywa wewe ukiwa na umri wake. Ana sauti yako. Majuzi alinisukuma ukutani na neno alilonitukana ni lile lile lako. Nilitaka nimwache afe, nakuambia kweli. Lakini asubuhi yake alikosa pa kupata pombe, jasho likaanza kumtoka, akawa anafukuza mbuzi chumbani na hakukuwa na mbuzi. Nikamwona Juma.

Hospitali walimtundikia dripu wakaturudisha. Tiba ya ulevi, walisema, tuulize halmashauri. Halmashauri wakasema tuulize hospitali. Ofisa mmoja mwenye huruma aliniambia niandike maombi kwa ajili ya bajeti ijayo. Nikampigia Nesi Pendo, sasa ana duka la dawa mbali. Akasema, "Mama Kulwa, dawa inayotakiwa siwezi kuiuza wala kuituma. Rudini hospitali, mkang'ang'anie. Na mpaka mpokelewe, usimkatishe ghafla. Mwili wake utamuua. Mpe kidogo, upunguze kidogo kidogo. Mungu atusamehe."

Tulirudi hospitali. Hatukupokelewa.

Basi mimi, Baba Kulwa, ambaye maisha yangu yote nimepita mbali na mlango wa Mama Nkwimba muuza gongo, nilikwenda nikabisha hodi na chupa mkononi. Alifurahi. "Karibu, karibu," akasema, "tulijua ipo siku." Wanywaji wakasogea kunipisha kwenye benchi. Nilinunua nikaificha kwenye kanga kama mwizi.

Ninampimia kwa kikombe cha dawa ya watoto. Kila siku pungufu kidogo. Sijui kama ninamtibu au ninawamalizia waheshimiwa kazi waliyoianza. Leo asubuhi nilimshika kichwa kama nilivyomshika alipokuwa akinyonya, nikammiminia mdomoni, harufu ile ikanipanda puani. Mikono yake ikatulia. Akanitazama kwa macho yako, akanishukuru na kuniita mama kwa lugha ya nyumbani: "Wabeja, mayu."

Hajawahi kunishukuru kwa chakula.

Endelea kulala. Sikuombi chochote, huko uliko huna la kufanya, na walio hapa wenye uwezo wameshakataa. Ameamka, ananiita. Wacha nikampimie.

Ni mimi mkeo,
Mama Kulwa