Leo Nimemkanda Mjukuu Wangu

Jumanne. Mvua ya alfajiri imekatika, Tanga imepoa, na mimi nina furaha ya kitoto. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa hiyo anayesoma awe na subira kama niliyo nayo mimi.

Nilikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua mtaani kwetu, mimi ndiye niliyeitwa kumkanda kwa maji ya moto na kumnyoosha mtoto wake kwa mafuta ya nazi. Kisha ugonjwa wa Parkinson ukanijia. Mwili ukawa mzito, kufunga kanga tu ni shughuli, na uso haucheki hata nikicheka moyoni.

Ndipo binti yangu Mwanaidi akajifungua. Mjukuu wangu wa kwanza! Aliponiuliza kwa upole kama amwite jirani aje amkande mtoto, nilimjibu, "Mwite." Kisha nikaingia chumbani nikalia.

Sikutaka mikono ya mtu mwingine. Basi.

Wakati huo daktari alikuwa ameshanielekeza kwa Rehema, mtaalamu wa viungo, huku nikiendelea na dawa zangu. Rehema hunilaza, akazungusha mabega yangu polepole, akaukunjua mgongo, akaninyoosha vidole kimoja kimoja. Mwanzoni nilimshangaa. Kwetu kukandwa ni lazima ugune! Nikamwambia, "Mwanangu, huku si kukanda, huku ni kupapasa."

Akacheka. "Mama, niachie mkono wote. Usinisaidie."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kila akiinua mkono wangu, nami nauinua pamoja naye. Akigeuza bega, namwelekeza pa kushika. Maisha yangu yote nimekanda watu, kumbe kukandwa sikujui.

Leo asubuhi, sijui ni ubaridi wa mvua au nimechoka kubishana, nikauachia. Mkono ukalala mzima mikononi mwake. Alipomaliza nikainuka kitandani, na bega likafuata bila kugoma. Rehema hakunidanganya: ugonjwa upo palepale, na wepesi huu huenda usifike jioni.

Sikuingoja jioni. Nilipanda bajaji hadi nyumbani, nikaketi mkekani, nikanyoosha miguu. "Mwanaidi, nipe mtoto. Nawe kaa hapa karibu."

Alisita. Nilimwona, na simlaumu, maana hata mimi niliogopa. Akamlaza juu ya mapaja yangu, akakaa goti kwa goti nami. Nikapaka mafuta ya uvuguvugu, nikaanza mabegani, nikashuka mikononi, nikaikutanisha mikono yake kifuani kama nilivyowafanyia watoto wa mtaa huu. Polepole mno. Lakini mtoto hana haraka ya kwenda popote. Alinitazama weee, akapiga mwayo, akalala.

"Mama," Mwanaidi akasema, "unacheka."

Nikajishika shavu kwa mkono wenye mafuta. Kweli.

Alhamdulillahi. Namshukuru Rehema. Namshukuru zaidi mwanangu, aliyeogopa na bado akanipa mtoto.

Kesho mikono ikigoma, nitamwita jirani mimi mwenyewe, na sitalia. Ila leo, alipobisha hodi alasiri kuja kufanya kazi yake, nilimsikia Mwanaidi akimjibu mlangoni, "Samahani shoga, leo ameshakandwa na bibi yake."

Nilitamani arudie kwa sauti, mtaa mzima usikie.