Mawaidha ya Aseel kwa Wageni wa Kanazawa

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Voisi nyingine ya Aseel kwenye simu. Dakika sita. Ya nne tangu Jumapili, na zote mawaidha. Siku kumi na nane zimebaki twende Japani — miaka miwili na nusu sijamtia mwanangu machoni — naye badala ya kuniuliza nimletee nini, ananisomesha kupanda basi. Mabasi ya Kanazawa mtu hupandia mlango wa nyuma. Achukue kikaratasi chenye namba. Alipe akishuka, mlango wa mbele, chenji awe nayo mkononi. Nimemwambia mie nnapanda mabasi tangu Unguja, babako hata hajanijua. Akacheka, akaingia kwenye vyoo. Vyoo vina vibonye. Usibonyeze usichokijua.

Masomo kamaliza Septemba, kurudi nyumbani bado. Anasema bado ana makaratasi ya kumalizia. Makaratasi gani hayo yasiyokwisha?

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimekunja sambusa mia, ziko friza. Leo ndo ananiambia nyama haiingii Japani, hata iliyopikwa, watanitupia uwanja wa ndege nikitazama. Si angesema juzi! Samaki ruhusa. Halwa ruhusa. Basi nnachukua papa mkavu, lakini nimfunge mara tatu asinuke ndani ya treni.

Na treni yenyewe, kutoka Tokyo mwendo wa karibu saa tatu, mtu haruhusiwi kuzungumza na simu kitini. Hamood? Mume wangu akipokea simu hapa mtaani kwetu Mabela, mtaa wa pili Mawaleh wanasikia.

Mapipa ya taka njiani hakuna. Kila mtu anatembea na taka zake mkobani mpaka arudi alikofikia. Kula huku unatembea pia aibu. Hilo nakubali, marehemu mama alikuwa hatuachii.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo hoteli. Aseel katuwekea chumba karibu na stesheni. Hamood kaghadhibika: mtoto ana nyumba, wazee wake walale hotelini kama watalii? Aseel anasema anakaa chumba cha mwanafunzi, hata godoro la pili haliingii. Hamood anasema atalala chini, kalala chini Rumaila alipokuwa jeshini. Aseel akasema: Baba, ukifika hotelini usiingie na viatu kwenye mikeka.

Hamood kanirudishia simu. Hakunisemesha mpaka Alasiri, kama mie ndo niliyejenga hoteli.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilikwenda madukani Azaiba kumnunulia Hamood viatu visivyo na kamba, maana huko unavivua mara kumi kwa siku, na soksi zisizo na tundu. Dukani nikakutana na Taghreed, aliyesoma na Aseel chuo kikuu hapa. Kanikumbatia. Mabruuk, khalti, mabruuk, furaha iliyoje. Nikamuuliza hongera ya nini.

Ya kazi ya Aseel. Mkataba wa miaka mitatu hukohuko Kanazawa, kaanza mwanzo wa mwezi. Na nyumba mpya, vyumba viwili, yeye na Aseel wamechagua mapazia pamoja kwenye simu.

Uso wangu sijui ulikuwaje. Taghreed kaona. Akaanza kunisaidia kutafuta namba ya kiatu.

Vyumba viwili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hamood alipokwenda msikitini nikampigia Aseel. Sikusalimia.

"Mapazia rangi gani?"

"Mama, nilitaka nikwambieni hukuhuku, uso kwa uso. Siku ya mwisho."

"Kwa nini ya mwisho?"

"Ili siku tisa za mwanzo muwe mmefurahi."

Nikasema maneno mengi. Nimemwambia muongo. Nimemwambia mie ananificha mapazia, anifunze kuvua viatu! Alikuwa analia na mie nikaendelea. Kisha akasema kitu: kwamba amekaa kazini siku saba na hakuna hata moja aliyotaka kuwa kwengine. Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayekiri deni la funga.

Kaniomba nisimwambie baba yake. Atamwambia mwenyewe. Gari la Hamood likaingia, nikakata.

Jumanne, 14 Oktoba

Voisi ya dakika moja tu. Mvua Kanazawa. Watu wa huko wana msemo: chakula cha mchana usahau, mwavuli usiusahau. Nichukue na jaketi.

Nimeisikiliza mara tatu. Sikujibu.

Hamood anasema nimekuwa mkali siku hizi. Kweli. Jana nimemgombeza kwa sababu ya soksi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimefunga sanduku, nimelifungua, nimelifunga tena. Papa juu, papa chini. Hamood kaingia chumbani na tableti yake, kafunga mlango ingawa tuko wawili tu nyumba nzima. Ana siri, anasema, na hawezi kuingoja mpaka Jumapili ya safari.

Kwenda tuna tikiti mbili. Kurudi, tatu. Kamkatia Aseel wiki iliyopita, namba ya paspoti kaipata kwenye nakala iliyokuwa kabatini. Makaratasi gani hayo yatakayomshinda baba yake akiwa palepale? Wataupanga mzigo wake pamoja. Atamtolea tikiti mezani, huku wanakula. Anataka aone uso wake.

Nimemwambia: vizuri, nikarudi kwenye sanduku.

Sasa yuko sebuleni. Nimesema naja, kwanza nnaandika vitu vya kununua. Ananiita. Ukurasa wa viti vya ndege umefunguka na anataka kumaliza kabla ya Maghrib: Aseel tumweke dirishani, au akae katikati yetu?

Anauliza mara ya pili.