Mkunjo wa Pili

4 Februari

Mdogo wangu,

"Mwalimu asiyefundisha mtandaoni anafundisha kuta." Hayo uliyasema wewe kwenye semina, na mkuu wangu wa shule akayabeba mpaka chumba cha walimu, akayarudia huku akinitazama mimi. Nitayajibu, lakini kwanza hujambo? Kifua kimeachia? Huku tu wazima, goti la mama limetulia na anakusalimu sana.

Kuta hazipigi miayo, Kitinda. Kuta haziulizi kwa nini nusu ya robo ni ndogo kuliko robo. Darasa langu la tano huniuliza, nami nikiwatazama usoni najua nani ameelewa na nani anaitikia tu ili twende mapumziko. Simu yako inamwona nani usoni?

Halafu wewe, niliyekufundisha sehemu kwa kukunja karatasi za sukari kwenye meza ya jikoni, leo unazikunja mbele ya kamera na watu wasiokujua wanakuita gwiji. Jana binti wa dawati la mbele kaniambia ninakunja karatasi kama yule mwalimu wa kwenye simu. Yaani mimi ndiye ninayekuiga wewe.

Basi ujue kwamba mkuu amenipa kazi ya kuchagua programu moja ya hesabu kwa shule nzima. Yako imo kati ya zinazoshindana. Usijipe moyo.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Shikamoo. Kifua kimepona, nashukuru, nimebaki na kikohozi cha kujitakia kwa sababu ya vumbi la chaki. Ndiyo, bado nashika chaki. Mwambie mama goti lisimdanganye, apumzike.

Umenishtaki kama wakili, sasa nakuhoji kama shahidi: umefungua hata somo langu moja? Jibu nalijua. Ungefungua, usingeniona mwizi.

Chagua utakayo, lakini kabla ya kusaini waulize watoto wako simu ya nyumbani inakuwa kwa nani jioni. Masomo yangu hayana mapambo kwa sababu hiyo. Shule inayapakua mara moja na kuwapa watoto kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, kisha yanafunguka popote bila bando. Ukiniacha kwa sababu ni mabaya, nitanyamaza. Ukiniacha kwa sababu ni yangu, watoto ndio watakaolipa.

Mdogo wako, Kitinda

2 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima, isipokuwa mimi nina hasira, na hiyo si ugonjwa.

Nimechagua, na si yako. Niliyoichukua ina jogoo anayecheza mtoto akipata jibu, ina medali, na ina ubao unaopanga majina kuanzia aliye juu mpaka aliye mkiani. Mkuu alipomwona jogoo alipiga makofi. Walimu wote walicheka, na kwa mara ya kwanza tangu semina yako niliulizwa mimi, sikuambiwa habari zako.

Masomo yako sijayatazama. Unanitosha mvumo wa sauti yako unaopenya ukutani, kwa maana mama siku hizi anazima redio ili akusikilize. Mimi nimefundisha miaka yote hii nikiishi nyumba hii hii, nikirudi na madaftari mikononi, na hajawahi kuzima redio.

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ni zaidi ya mwezi sijapata barua yako. Mama ananiambia u mzima ila unakula ukiwa umesimama na hutaki kuulizwa habari za jogoo. Siulizi.

Nakuandikia kwa jambo langu. Chini ya somo la sehemu kuna mahali watoto wanaandika maoni. Wengi wananisifu tu, nami nilishazizoea sifa. Wiki iliyopita binti mmoja, anayesema yuko darasa la tano shuleni kwenu, aliandika: "Mwalimu wetu anakunja hivi hivi, ila yeye anatusubiri."

Dada, nimeyasoma maneno hayo mpaka nikaichukia simu. Watu wote hao wananitazama, na hakuna ninayemsubiri. Unanionea wivu mimi? Panga foleni, nipo mbele yako.

Mdogo wako, Kitinda

19 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo, nami nakula nikiwa nimeketi.

Jogoo nimemfukuza, mbele ya mkuu na walimu wote, na sikumsingizia mtu. Alitaka mtandao kwa kila hesabu, na simu za nyumbani zinaondoka na wazazi asubuhi, zinarudi bando limekwisha. Yule binti wa dawati la mbele alibaki mkiani kwenye ubao, siku baada ya siku, mpaka akaacha kunyoosha mkono hata darasani. Nilimchagulia aibu hiyo kwa sababu sikutaka akutazame wewe. Kumbe aliendelea kukutazama kwa kujificha, na maoni uliyoyasoma ni yake, ya kunitetea.

Jana nilizima redio mwenyewe, nikaketi na mama kutazama somo lako. Sentensi yako ya kwanza: "Hili nilifundishwa na dada yangu, jikoni." Mama akasema husema hivyo kila mara, na alidhani najua.

Bado nina wivu. Usitarajie uishe kwa sentensi moja. Kesho tunayapakua masomo yako kwa shule nzima, lakini unakimbia, Kitinda. Mkunjo wa kwanza wanauona, wa pili unawapita huku ukiendelea kusema. Rekodi upya. Ukifika mkunjo wa pili, nyamaza, uwahesabu kichwani watoto wa dawati la nyuma mpaka wote wamekunja.

Na walimu wenzako wa semina uwasomee haya, kwa sauti: ninyi mnaobonyeza video kisha mnatoka nje kupunga upepo, rudini ndani. Isimamisheni kwenye mkunjo wa pili, mkapite kati ya madawati, mkatazame mikono.

Dada yako