Wakia Tano za Msonobari

Calumet, Michigan
Jumapili, 6 Januari 2019

Binti yangu Renae,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto linaisikia baridi kabla yangu, na theluji imefika kwenye madirisha ya chini. Aili ni mzima kabisa. Meno mawili ya mbele yamemtoka, akisema "soksi" anapiga mluzi.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu siku ya hukumu ni miezi kumi na sijakuandikia hata neno. Jumapili ukipiga simu nampa Aili, kisha natoka kuparua theluji hata kama hakuna ya kuparua. Leo Aili ndiye aliyenikalisha hapa mezani.

Siku hizi skauti wadogo wanachukua na wasichana, na Aili amejiunga na kundi linalokutana ukumbi wa chini pale kanisani. Kila mtoto amepewa kipande cha msonobari, misumari minne ya ekseli na magurudumu manne ya plastiki, atengeneze gari dogo la mbio. Tarehe 16 Februari magari yatashindanishwa kwenye ule mteremko wa mbao, na uzito wa gari usizidi wakia tano. Unayajua hayo yote.

Nikachukua penseli nimchoree umbo. Akaniuliza, "Babu, hili gari ni lako au langu?"

"Lako."

"Basi nipe penseli."

Akachora kitu kama kiatu. Nikamwambia kiatu hakikimbii. Akasema, "Kikivaliwa kinakimbia."

Anataka umchagulie rangi. Jibu hilo tu, kama huna la zaidi.

Ni mimi,
Baba


Gerezani
15 Januari 2019

Baba yangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Mimi ni mzima. Kifua kilinibana Desemba, sasa kimeachia. Nafanya kazi jikoni, namenya viazi tangu alfajiri. Goti lako lipeleke kwenye joto la sauna Jumamosi, na usipande tena juu ya paa na koleo, nakujua.

Rangi iwe manjano, ile ya basi la shule.

Mwache akate mwenyewe, Baba. Mimi nilipokuwa na umri wake wasichana hatukuruhusiwa. Nilikusaidia kupiga msasa magari ya watoto wa watu, na siku ya mbio nikawa nagawa kahawa na mama. Mwache hata akiharibu.

Lakini nakuuliza jambo, unijibu ukweli. Wesley Kemppainen yumo kundini? Ni rika moja na Aili. Kama yumo, mtoe Aili. Nililewa nikaendesha gari nikamuua baba yake. Lorna, mjane wake, hapaswi kuja kanisani na yatima wake kumtazama mtoto wangu akipigiwa makofi. Nakusihi.

Mwanao,
Renae


Calumet
27 Januari 2019

Renae mwanangu,

Nashukuru kusikia kifua kimeachia. Sisi tunaendelea vizuri. Goti nimelipeleka sauna, limerudi vilevile.

Wesley yumo. Nilitaka kumtoa Aili kama ulivyosema. Nilimkalisha nikamweleza kwamba Wesley ni mtoto wa Dennis, yule aliyekufa barabarani. Akasema, "Najua, Babu. Shuleni kila mtu anajua." Akaendelea kupiga msasa. Halafu akauliza, "Sasa Wesley anatengenezewa gari na nani?"

Nikasema sijui.

"Wewe ni fundi. Unajua kila kitu cha mbao. Nenda kamsaidie."

Nilikaa siku tatu na maneno hayo. Siku ya nne nikatia msumeno na randa kwenye sanduku, nikaenda. Lorna alifungua mlango, akanitazama, akalitazama na sanduku.

"Mzee Toivo, umepotea njia?"

"Hapana. Nimesikia mtoto ana kipande chake cha mbao. Nikasema kama hakuna mtu..."

"Alikuwepo mtu."

"Najua, mama."

"Alikuwa anamsubiri afike miaka minane wakatengeneze pamoja. Alishanunua na rangi, iko gereji. Unataka nikufungulie gereji ya Dennis uingie wewe?"

Nikasema hapana. Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Nilimwambia Aili kwamba amekataa. Akasema, "Ulimwuliza Wesley au mama yake?" Nikasema mama yake. Akatikisa kichwa kama mimi ndiye mwenye miaka minane.

Gari linaendelea. La kwanza lilipasuka, alilazimisha patasi. Alilia kidogo, akaomba kipande kingine. La pili ni jembamba mbele na nene nyuma. Kipande cha madini ya risasi cha kuongezea uzito tumekizamisha nyuma, karibu na ekseli, ili lisukumwe muda mrefu zaidi kwenye mteremko. Misumari ameing'arisha mpaka unajiona sura. Mimi nashika tu taa na kufunga mdomo, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Baba yako


Gerezani
5 Februari 2019

Baba,

Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo kimwili.

Usirudi tena mlangoni kwa Lorna. Mimi nimekatazwa na mahakama kumwandikia, lakini kila mwezi namwandikia kisha naichana barua. Sijawahi kuvuka mstari wa tatu. Hakuna sanduku la vifaa litakaloingia nyumba ile.

Na angalia sana usiwe gumzo la mji. Mama yake Scott aliniandikia tena kutoka Green Bay. Anasema Aili ni mjukuu wake pia, na mzee mpweke hawezi kumlea msichana. Sijamjibu. Akipata sababu yoyote atakwenda mahakamani, na Scott, kwa kuwa ndiye baba, atatia sahihi popote mama yake atakapomwonyesha.

Sasa nakuuliza mimi. Miezi kumi, Baba. Kama unanichukia, sema. Humu ndani nimejifunza kusikia mambo. Nisichoweza ni kubahatisha.

Mwanao


Calumet
Jumapili, 17 Februari 2019

Renae,

Mimi ni mzima na Aili ni mzima. Naanza na hilo ili usome mengine umetulia.

Mbio zilikuwa jana. Ukumbi ulijaa, kahawa na mkate wa iliki kama kawaida, watoto wakipiga kelele. Gari la Aili lilipimwa likaonyesha wakia tano kamili, sindano ya mizani haikutikisika. Mzunguko wa kwanza alishinda, na wa pili.

Halafu akaitwa Wesley. Alikuwa amekuja na kipande chake vilevile kilivyotoka kwenye boksi, hakikukatwa hata pembe. Alikuwa amekipigilia magurudumu mwenyewe, moja huku moja kule, na kukipaka rangi ya bluu. Kile kitu kilishuka, kikafika katikati ya njia kikasimama. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka.

Aili akaenda kwake na kichupa chetu cha unga wa penseli, ule wa kulainisha ekseli. Nilitaka kumzuia, sikuwahi. Wesley akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Mama yako alimuua baba yangu."

Aili akasema, "Ndiyo."

Akainama, akalitazama gari la Wesley. Kisha akasema, "Gurudumu lako la kushoto linabana. Naweza kulilegeza, au nikuonyeshe ulilegeze mwenyewe."

Mtoto akamgeukia mama yake. Lorna akatazama ukutani, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wesley akampa gari. Wakapiga magoti sakafuni wote wawili, vichwa vimegusana. Liliporudishwa njiani lilifika mwisho. Lilikuwa la nne kati ya manne, lakini lilifika.

Aili katika jumla alikuwa wa pili. Alimpita mtoto wa mchungaji, na nina hakika gari lile lilitengenezwa na mchungaji mwenyewe.

Tulipokuwa tunakunja viti Lorna alinijia. "Usidhani huu ni msamaha."

"Sidhani."

"Nataka kitu kimoja. Mahakamani Renae alisema alichukua funguo msumarini na kuondoka, wewe umelala. Dennis alikuwa anarudi kutoka kazini, saa kumi na moja jioni. Nani analala saa kumi na moja jioni?"

Renae, nilimwambia. Nilimwambia nilikuwa macho. Kwamba tuligombana kwa sababu ya chupa, kwamba funguo zilikuwa mfukoni mwangu, nilizificha usiendeshe. Kwamba ulinitukana, nami nikazitoa nikakutupia, nikasema, "Toka nyumbani kwangu." Uliinama ukaziokota. Niliona jinsi ulivyoyumba ukiokota. Nilikuona, na nikageuka.

Waliokuwa karibu walisikia. Lorna alishika mgongo wa kiti. Akasema, "Kwa hiyo mlikuwa wawili." Akamchukua mwanawe akaondoka.

Umeuliza kama nakuchukia. Ulisimama mbele ya hakimu ukadanganya kwa ajili yangu, nami nikakaa kimya kwenye benchi nikakuacha. Kila nilipochukua kalamu, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza, na sikuweza kuliandika. Ndiyo miezi kumi yenyewe.

Baba


Gerezani
1 Machi 2019

Baba,

Nimekaa na barua yako siku sita bila kujibu. Sikuulizi hali.

Sikudanganya kwa ajili yako. Nilidanganya kwa ajili ya Aili. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwachia mtoto, na mtu huyo alimpa mlevi funguo. Wangejua wasingekupa hata siku moja. Nikameza. Kila asubuhi nameza na viazi vyao. Na wewe umekwenda kutema mbele ya mji mzima ili kifua chako kipate nafasi!

Mama yake Scott ameshasikia. Barua ya wakili wake ilifika humu jana.

Najua Lorna alistahili kuambiwa. Hilo nalijua. Usinijibu kwa hilo.

Na sijui nifanye nini na hasira hii, kwa sababu nilipofika pale Aili aliposema "ndiyo" nililia mpaka mwenzangu wa chumba akamwita askari.

R.


Calumet
14 Aprili 2019

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka niwe na uhakika.

Tulikwenda mahakama ya familia mara mbili. Hakimu alikuwa mpole. Aliniuliza kama ni kweli kuhusu funguo, nikasema kweli. Aliuliza kama mtoto amewahi kulala njaa kwangu, au kukosa shule, nikasema hapana, na mwalimu wake akathibitisha. Lakini neno lile la kwanza lilitosha. Aili amekwenda Green Bay kwa bibi yake, Jumatano iliyopita. Nitamwona wikiendi moja kila mwezi.

Lorna hakusema lolote dhidi yangu, ingawa wakili alikwenda kwake mara mbili. Alikataa kumfungulia.

Nilimfungia Aili pasti nne, zile za unga zenye nyama na viazi ndani, kwa ajili ya njia. Hakulia. Alifunga mkanda wake, akateremsha kioo, akaniuliza, "Babu, ulikosea kusema?"

Nikamwambia, "Nilikosea kuchelewa."

Akafikiri. "Kama ungenyamaza ningebaki?"

"Ungebaki."

Alitazama mbele, gari likaondoka. Sijui amenielewa vipi, na labda itachukua miaka nijue. Nyumba imekuwa kubwa. Jana nilipika uji wa watu wawili.

Renae, siombi unisamehe. Lakini sasa hakuna kinachonizuia kusafiri. Nimejaza fomu ya wageni, wamenikubalia Jumamosi tarehe 27. Ni mwendo wa saa kumi, nitalala njiani. Kama hutaki kuniona, waambie mlangoni, wataniambia. Nitakaa mpaka wafunge, kisha nitarudi nyumbani.

Baba yako, Toivo


Gerezani
20 Aprili 2019

Baba,

Aili alinipigia kutoka Green Bay. Anakula vizuri. Ameniuliza kama kule kuna skauti, nikamwambia aulize mwenyewe. Hakutaka kukata simu.

Bado nina hasira. Nitakuwa nayo Jumamosi, na huenda tutakaa tu tukitazamana.

Fika kabla ya saa nne asubuhi, foleni ni ndefu. Mfukoni usiwe na kitu. Unaruhusiwa kunikumbatia mara mbili, unapofika na unapoondoka, na askari anatazama. Mwaka mzima nimekuwa nikiwaona wenzangu wakiitwa kwenda chumba kile cha wageni.

Njoo.

Mwanao,
Renae