Dawa ya magamba ya mti

Jumanne, 11 Novemba

Mama mukwe amefika kutoka Lusangi na dawa ya kikohozi cha Neema, mtoto wetu: magamba ya kijivu aliyobandua kwenye gome la mti, akayachemsha na kujaza kikombe. Magamba hayo ni kuvu inayoishi pamoja na bakteria, na baadhi ya bakteria hao hutoa sumu ya ini. Lakini mukwe hakatazwi kitu.

"Mama, mutoto angali mudogo."

"Mbuzi wanayala kila siku. Iko mbuzi gani amekufa?"

Sayansi imekwisha hapo. Nikajikohoza kwa nguvu, nikaomba kikombe kile, nikakinywa chote mimi. Huenda hakina sumu. Tumbo halijaamua.

Mama amefurahi mno. "Umeona, Baba Neema, hukohoi tena! Kesho nachemsha sufuria nzima."